Nilivyokwenda Matombo Kula Sitini Zangu, Nikakuta Nimekwisha Zikwa

Kilichonitoa Morogoro ni kiuno cha Mdachi. Msimamizi mmoja Mjerumani wa shamba la mpira aliniletea suruali yake ya sherehe niipanue, maana alikuwa anatimiza miaka sitini na suruali ilikuwa haimkubali tena. Nilipokuwa nampima akaniuliza, "Na wewe fundi, una miaka mingapi?" Mimi Kulwa, fundi cherehani ninayejulikana mtaa mzima kwa mdomo, nikaendelea kupima, maana miaka yangu nilikuwa siijui.

Jioni ile nilimfuata karani wa stesheni. Nikamweleza aliyoniambia mama, kwamba mimi na pacha wangu Doto tulizaliwa msimu ambao nzige walimaliza mtama wote. Karani akakumbuka habari za nzige hao kutoka kwa baba yake, akahesabu kwa vidole, akahesabu kwa karatasi, akasema, "Mzee, wewe na huyo Mdachi ni rika moja." Mzee! Nilimwambia ahesabu upya. Akahesabu, ikatoka ileile.

Sikuamini, maana meno yangu yote ninayo na nywele nazipaka piko, nyeusi tii. Lakini neno la sherehe lilinikaa. Nikaamua na mimi nizile sitini zangu, na wa kuzila naye ni mmoja tu, Doto. Niliondoka Matombo nikiwa kijana, nikabeba mizigo ya misafara mpaka Pwani, nikajifunza kushona, nikazama huko. Reli ilipofika Morogoro nilirudi kwa gari moshi. Hiyo ni miaka minne sasa, na kutoka hapa mpaka Matombo ni mwendo wa siku mbili. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Ukweli ni kwamba niliogopa kuambiwa Doto amekufa.

Alfajiri nilitoka Msamvu, mtaani kwangu, na kifurushi kimoja. Ndani mlikuwa na sukari na gauni jekundu nililomshonea Doto kwa kipimo nilichokikumbuka, mabega mapana, kifua kimejaa. Nilitembea naimba.

Saa mbili asubuhi nilifika Bigwa, nikakuta watu wanachimba barabara kwa amri ya boma, nyapara kasimama na kiboko. Niliogopa, maana ilikuwa kawaida yao kumkamata mpita njia na kumpa jembe mpaka jua lizame. Nikaanza kutunga uongo. Nyapara akanitupia jicho mara moja tu, akawageukia watu wake.

"Mpisheni babu apite."

Ndugu zangu, nilipaswa kushukuru. Nilikasirika! Nilipita kifua mbele, kwa kasi, mpaka kona iliponificha. Hapo nikakaa juu ya jiwe nikahema.

Alasiri nilifika Kiroka, nikafikia kwa Mwanaidi, mjane anayepokea wasafiri. Wageni wengine wawili aliwapa ndizi na nyama. Mimi akaniletea bakuli la ndizi zilizopondwa.

"Mbona mimi hivi, mama?"

"Nimekupondea, babu, usije ukahangaika."

"Meno yangu yote ninayo!" Nikamfungulia mdomo.

Akachungulia kweli, kama anayenunua mbuzi. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi kula hivyo hivyo, zimeshapondwa."

Siku ya pili, baada ya Mkuyuni, njia ilianza kupanda na kushuka, na magoti nayo yakaanza maneno yao. Jasho likaiteremsha piko mpaka kwenye kola ya kanzu. Niliifuta na kujiambia kwamba ni jua tu. Kengele ya misheni ilikuwa inalia mchana nilipoiona migomba ya kwetu, na kando ya kijito palikuwa na bibi mmoja amejikunja anachimba magimbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Namtafuta Doto. Yule aliyezaliwa pacha na Kulwa."

Bibi alijinyoosha kwa vituo, kwanza kiuno, kisha mgongo. "Doto ni mimi. Una shida gani, baba?"

Nilimtafuta Doto katika uso ule nisimpate. Nikamtafuta mama yetu, nikakumbuka kwamba siku niliyomuaga mama alikuwa kijana kuliko huyu aliyesimama mbele yangu. Nikashika mgomba.

"Doto, ni mimi. Kulwa wako."

Hakulia, wala hakutabasamu. "Kulwa amekufa," akasema. "Nilimzika mwenyewe. Njoo nikuonyeshe."

Nyuma ya nyumba palikuwa na duara la mawe, na katikati yake migomba mitatu imenenepa, mmoja una mkungu umekomaa. Alinieleza kama anavyoelezwa mgeni. Mtu wa ukoo wetu akipotelea mbali na maiti yake isipatikane, hukatwa mgomba, ukavikwa sanda, ukaliliwa na kuzikwa, watu wakanyoa na kumaliza matanga. Ila waliotumwa kuukata mgomba wangu walifanya haraka, wakaung'oa na mizizi yake. Masika yalipokuja, kaburi likaota. Wazee walitaka ufyekwe, akakataa. Aliupalilia kila msimu, na ndizi zake hakuzionja hata siku moja, aliwaachia ndege.

"Mlinizika lini?" nikauliza.

"Mwaka juzi."

Mwaka juzi! Mwaka juzi nilikuwa Morogoro, nakula pilau za harusi za watu.

"Reli ilipofika nilishuka mjini," akaendelea. "Watu walisema inawarudisha waliopotelea Pwani. Nilikwenda mara mbili, na kila mara nilikaa stesheni siku tatu, namtazama kila kijana anayeshuka. Hukuwamo. Nikarudi, nikasema basi, kaka yangu amekufa."

"Kijana, Doto?"

"Aliyeondoka alikuwa kijana."

Baraza ninaposhonea inatazamana na stesheni. Kila siku wapo bibi wamekaa pale chini na vifurushi vyao, na katika miaka minne siwezi kukuelezea sura ya hata mmoja. Nilikuwa nawaruka miguu nikienda kununua uzi. Sikumficha, nilimwambia nimekaa wapi na muda gani.

Doto akanipiga kofi. Lilikuwa kofi dogo la mkono mkavu, lakini nililia mbele yake bila aibu.

"Niliyemlilia mimi simwoni hapa," akasema. "Wewe sikujui. Nenda kwa Agata akupe pa kulala." Agata ni binti yake, nyumba ya pili. Akaniacha nimesimama juu ya kaburi langu.

Asubuhi ya tatu ndiyo niliyokuwa nimeipanga kuwa ya sitini. Nilikuwa nafunga kifurushi nirudi zangu, Doto akaingia na jembe.

"Kama u hai, ng'oa kaburi lako. Maiti hawezi."

Nikachimba. Mapigo matatu, pumzi ikakata. Nikapumzika, nikachimba, mgongo ukagoma. Piko yote ilikuwa imenimiminikia usoni na nywele zimebaki nyeupe, na Doto amesimama, mkono kiunoni, ananitazama tu. Nilipokaa mara ya tatu akanyakua jembe.

"Hata utotoni ulikuwa mvivu."

Akapiga mapigo manne, akaja kukaa karibu yangu anahema. Basi tukapokezana hivyo, mmoja anachimba na mwenzake anatafuta pumzi, mpaka jua likasimama utosini. Chini tulikuta kipande cha sanda, hakijai kiganja. Doto alikiangalia sana kisha akakitupa kwenye moto wa majani makavu uliokuwa kando. Ndipo akakishika kichwa changu kwa mikono miwili na kulia.

"Kulwa, umezeeka."

"Na wewe."

"Mimi nimezeeka siku kwa siku, nikijiona. Wewe umenizeekea mara moja."

Tukaukata ule mkungu, Agata akapika, na Doto akala. Hizo ndizo sitini zangu. Nilipompa gauni alilivaa hapo hapo, mabega yake yakaanguka mpaka kwenye viwiko, tukacheka mpaka Agata akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nikafumua mishono nikalipunguza kwa mkono. Alisimama wima nimpime, na utepe ulimzunguka kiuno ukabaki mwingi mkononi. Niligeuza uso nikajifanya natafuta sindano.

Siku ya tano nilianza kurudi. Nilimsihi tushuke wote, akae nami mjini.

"Stesheni nimeshaikaa," akasema. "Miguu yako bado inatembea. Panda wewe."

Kiroka, Mwanaidi aliuliza kama anipondee au asinipondee. Nikamwambia ponda, mama.

Nilichojifunza nakisema wazi, ingawa kinaniaibisha. Miaka yote ile niliogopa kwamba Doto amekufa, wala halikunijia wazo kwamba yu hai na anazeeka, tena ananingoja. Nami nilijiona kijana kwa piko nisiwatazame wale bibi, na aliyekuwa ananitafuta akamtafuta kijana, tukapishana katika uwanja mmoja. Sipaki tena.

Siku hizi kila mwisho wa mwezi nafunga cherehani na kupanda Matombo. Safari ya kwanza nililala Kiroka tu. Sasa nalala Kiroka na Mkuyuni. Mwezi uliopita mvua ilinishika, nikafika siku ya nne. Nilimkuta Doto njiani, mbali na nyumba, ameketi juu ya kifurushi chake kama wale bibi wa stesheni, na gauni jekundu limelowa.

"Umechelewa," akasema.

Nikamwambia kweli, nimechelewa.