Nakohoa Jikoni Kumsitiri Mama Mkwe, Lawama za Chumvi Zinanirudia Mimi

Admin, naomba jina langu lisionekane, wala jina la mtaa wetu. Wafuasi wako wengi ni majirani zangu hapa Kariakoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nimesoma hadi kidato cha nne, mzaliwa wa Kondoa, nimeolewa Dar na nina watoto wawili. Tunaishi nyumba moja na mama mkwe wangu, mjane, pamoja na wifi yangu wa mwisho ambaye anaolewa hivi karibuni. Mama mkwe ni mpishi wa shughuli. Ukitaja pilau yake huku kwetu, watu wazima wanameza mate.

Tangu niolewe, kupanga chakula cha wiki ni kazi yangu. Mimi ni mtu wa kuandika, nina shajara tangu nikiwa shule, kwa hiyo Jumamosi nakaa napanga: siku ya maharage ya nazi, siku ya samaki, siku ya ugali na mchicha, na Ijumaa pilau kwa sababu shemeji zangu wote wanakuja kula baada ya swala. Shida ilikuwa mapishi yenyewe. Ya mtandaoni nimeyajaribu sana. Mmoja anasema bizari kijiko, mwingine vijiko vinne, wa tatu anasema weka unavyopenda. Nikimuuliza Mama ananijibu, "Tia kiasi." Kiasi gani, Mama? "Mpaka harufu ikuite." Nilimwamini, maana kweli hakuwahi kuonja. Alikuwa anainama juu ya sufuria, anavuta pumzi, anajua kimepungua nini.

Mwaka huu aliugua mafua makali yakamlaza kitandani. Alipopona, chakula kikaanza kubadilika. Leo karafuu zimezidi mpaka ulimi unakufa ganzi, kesho chumvi. Nilidhani ni uzee. Mpaka asubuhi moja narudi kutoka sokoni, nakuta gesi inanuka kuanzia uani. Jiko halikufungwa vizuri, na Mama amekaa palepale kwenye kigoda anachambua mchele, ametulia, kiberiti kiko mapajani. Nilifunga mtungi, nikamtoa nje.

"Mama, husikii harufu?"

"Harufu ya nini?"

Nikamwambia gesi imejaa jikoni. Akaanza kulia. Sikuwahi kumwona analia tangu nimjue.

"Tangu yale mafua sisikii kitu, mwanangu. Hata udi. Chakula mdomoni kama natafuna karatasi. Nisitiri. Wanangu wakijua wananinyang'anya jiko, na mimi bila jiko ni nani?" Akaniapisha, nami nikaapa.

Nilimwomba twende hospitali, akasema siku akionekana hospitali mtaa mzima umejua. Nikamwomba basi tupime vitu kwa kikombe na kijiko, akanijia juu: "Unanipimia pilau kama dawa ya minyoo? Watasema nimeanza kujifunza kupika leo!" Mwisho tukakubaliana kwamba mimi ndiye nitakayeonja, na nikikohoa ajue chumvi imetosha.

Siku za kawaida tulienda vizuri, na hata yeye alianza kucheka tena. Lakini Ijumaa iliyopita wifi yangu aliingia jikoni kusaidia. Nilionja, nikakohoa. Mama akasita na chumvi mkononi. Nikakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Wifi akadakia, "We wifi, una TB? Usitukoholee kwenye sufuria, toka huko nje!" Akanisukuma mpaka uani huku anacheka. Nikabaki nje nakohoa kama mwendawazimu, na Mama kule ndani akadhani nimeshikwa na kikohozi kweli. Akatia chumvi mara ya pili.

Shemeji mkubwa alitia tonge la kwanza mdomoni, akalirudisha. "Jamani, pilau hii imepikwa kwa maji ya bahari ya Feri?" Wote wakacheka isipokuwa mume wangu. Nikamwangalia Mama, nikitegemea angalau anyamaze. Akasema, "Mnisamehe wanangu. Ni huyu mwenzenu wa bara, mkono wake mzito. Namfundisha, haelewi."

Ningeweza kusema palepale. Nikaanza kukusanya sahani. Baadaye nikiwa naosha vyombo alinifuata, akanishika mkono kwa nguvu. "Ningesema nini, mwanangu?"

Mume wangu alisubiri wageni waondoke. "Nimechoka kuchekwa na ndugu zangu. Kwenye harusi ya mdogo wangu usiguse sufuria hata moja. Mama atapika mwenyewe." Nikamwambia Mama amechoka, tukodi mpishi. Akanitazama kama hanijui. "Kumbe unamwonea wivu mama yangu?"

Nikaenda kwa Mama kumsihi akatae. "Nikatae kupika harusi ya binti yangu wa mwisho? Si wataniuliza kwa nini?" Ninapoandika haya, ameshaanza kuagiza viungo, na wanawake wa mtaani wanapita kumpongeza.

Ndugu zangu, nimebanwa pande zote. Nikimwambia mume wangu, nimevunja kiapo, na hataniamini. Ataona namsingizia mama yake ili nijisafishe. Nikinyamaza, chakula kitaharibika mbele ya wakwe wapya, na wifi yangu asiye na kosa ataanza ndoa yake kwa aibu. Kinachoniumiza zaidi ni Mama mwenyewe. Ijumaa ile alipozidisha chumvi alikuwa na mimi wa kumtupia lawama. Siku ya harusi atakuwa peke yake.

Wenye wakwe mnielewe kabla hamjanitukana. Nishaurini, nifanye nini? Maoni yenu nitayasoma nikiwa uani. Jikoni nimeshakatazwa.