Mama Priscille Hakushuka Mtumbwini

Mama Priscille alikuwa na miaka hamsini na sita, na karibu kila asubuhi ya maisha yake alipofungua mlango alikiona kile kisiwa. Watu wanakiita Kisiwa cha Popo. Kiko katikati ya mto, juu kidogo ya maporomoko, mwamba mkubwa wenye miti michache kichwani. Upande wake wa pili, ambao hauonekani kutoka kwetu, kuna pango ambalo mto wenyewe umelichimba ndani ya jiwe. Maji yakipungua, mtumbwi unaingia mpaka ndani. Wageni wanatoka Kinshasa, Goma, hata Ulaya, kuja kulitazama.

Yeye hakuwa amelitazama hata siku moja.

Kazi yake ilikuwa kuwapikia wageni hao. Pale libongo, mitumbwi inapofungwa, alikuwa na meza mbili chini ya turubai, na liboke yake, samaki aliyefungwa kwenye majani na kuchomwa juu ya makaa, ilisifiwa mpaka katikati ya mji. Wageni waliporudi walikula huku wakionyeshana picha kwenye simu. Akiinama kuweka sahani, aliona vipande vipande: jiwe, mwanga, maji ya kijani. Kisha simu ilirudi mfukoni.

Ilisemwa kwamba wanawake wa familia za wavuvi hawaingii pale. Wakiingia, samaki watakimbia mitego. Nani alisema? Wazee. Wazee gani? Hapo watu walianza kukohoa. Akiwa msichana alimwuliza baba yake, akapigwa kofi. Alipoolewa alimwuliza mumewe, marehemu Henri, naye akamwambia alete chakula.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili walifika wageni watatu. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa Bunia, jina lake Emilie, ambaye alikuwa amekuja pia mwaka uliotangulia. Kabla ya kupanda alimshika Mama Priscille mkono.

"Mama, twende pamoja leo. Nafasi iko."

Alisema hivyo kwa wema tu. Mama Priscille alimtazama, akatazama moto wake. Akamwambia mkwewe Fortunée ageuze samaki, akakaza liputa, kitenge chake, kiunoni, akaingia mtumbwini na kuketi kwenye ubao wa katikati.

Tonton Basile, mkuu wa wapiga makasia, alidhani ameingia kuweka mzigo wa mgeni.

"Bon, Mama Priscille, shuka. Tunaenda."

"Miye pia ninaenda."

"Wapi?"

"Kule munapeleka bageni."

Basile alicheka. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. "Unajua bamama ya hapa habaingiaka kule."

"Na huyu?" Akamwonyesha Emilie. "Aliingia mwaka jana. Samaki ilikimbia?"

"Ule iko mugeni."

"Donc mugeni anaingia, na miye nilizaliwa hapa, ninabakia na moshi ndani ya macho?"

Basile hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameongoza mitumbwi miaka thelathini bila mtu kuzama mikononi mwake. Lakini hakuzoea kujibiwa mbele za watu. Akawaamuru wapiga makasia wote washuke, nao wakashuka, wakasimama mchangani.

"Alors, bakia mule. Tutaona nani atakupeleka."

Akabaki. Jua likapanda. Wageni wawili walichoka, wakaenda kula. Emilie, aliyeketi mtumbwini kando yake, aliona aibu kwa jambo alilolianzisha, akamnong'oneza, "Mama, unisamehe. Tuache tu."

"Usiombe pardon. Kaa."

Wanawake waliokuwa wakikausha samaki waliacha kazi, wakaja kusimama karibu. Mwanaume mmoja akapiga kelele kwamba mjane huyu anakwenda kutafuta bwana pangoni. "Nikipata mule mwenye anajua kufua, nitamuleta!" akajibu Mama Priscille bila kugeuka, na wanawake wakacheka mpaka Basile mwenyewe akaangalia chini.

Ilipopita kama saa nzima, alisimama, akaenda nyuma ya mtumbwi, akafungua kamba na kuchukua kasia. Kupiga kasia alijua tangu utotoni. Ila ule mkondo unaopita kati ya miamba unataka watu wawili, mmoja mbele wa kusoma mawe, mmoja nyuma wa kugeuza. Alijua hilo pia. Hata hivyo alisukuma.

Hapo Jean-Marie, mpiga kasia mkongwe aliyekua pamoja naye, aliingia majini mpaka kiunoni na kushika ncha ya mtumbwi.

"Toa mukono!" alifoka Mama Priscille.

"Nyamaza. Miye mbele, weye nyuma." Akapanda.

"Jean-Marie!" Basile aliita. "Ukienda, usirudi tena kwa kazi!"

Jean-Marie hakugeuza kichwa. Alichovya kasia.

Wakavuka. Karibu na kisiwa maji yalibadilika, yakawa yanavuta kutoka chini, na ngurumo ya maporomoko iliingia mpaka kifuani. Jean-Marie alipaza sauti, "Kuume! Sasa kushoto! Kaza!" na Mama Priscille akakaza mpaka mabega yakawaka moto. Emilie alikuwa amefumba macho. Kisha kelele zikakatika ghafla, kama mlango umefungwa, na walikuwa ndani.

Juu palikuwa na tundu, na jua lilishuka kupitia hapo mpaka kwenye maji, likayafanya ya kijani kama chupa. Mwanga wa maji ulicheza kwenye kuta. Jiwe lilikuwa laini, limezungushwa na mto kama chungu. Popo walining'inia wamebanana pembeni, wakichezacheza kidogo.

Kwenye ukingo mkavu palikuwa na godoro kuukuu, karata na chupa tupu za lotoko, ile pombe kali ya kienyeji, nyingi.

Mama Priscille alizitazama, akamtazama Jean-Marie. Mzee akajikuna shingo.

"Kumbe samaki inakimbiaka pombe," alisema Mama Priscille. Akacheka peke yake kwa muda mrefu, na pango likamrudishia kicheko.

Emilie alitoa simu ampige picha.

"Ngoja kwanza. Wacha nione na macho yangu."

Akaweka kiganja kwenye jiwe la baridi, akaketi hivyo. Aliposikia mashavu yamelowa, hakuyafuta.

Jumapili baada ya misa aliitwa mbele ya wanaume wa familia. Walitaka apige magoti na kuomba msamaha.

"Miye ninapigaka magoti kanisani," alisema. "Hapa iko kanisa? Na kama munataka niongee, nitaongea yote. Hata ya chupa."

Wake zao walikuwa wamesimama nje ya ua, wakisikiliza. Mkutano uliisha haraka.

Lakini walimwadhibu kwa njia nyingine. Wiki sita hakuna mvuvi wa pale aliyemwuzia samaki. Alikwenda mwenyewe mjini kuwangoja wafanyabiashara wanaopanda mto kutoka Yanonge na Isangi, akarudi na beseni kichwani, na moto wake haukuzimika. Wiki ya kwanza mitego ilitoa kidogo, na Basile alitembea akisema, "Munaona?" Wiki ya pili mitego ilijaa.

Jean-Marie hakurudishwa kazini. Sasa ana mtumbwi wake mdogo, wa zamani, uliozibwa mara nyingi, na Mama Priscille ndiye anayeshika kasia la nyuma. Mwezi uliopita waliwapeleka wanawake kumi na mmoja wa kwaya kwa safari tatu. Kwenye safari ya tatu alipanda Viviane, mke wa Basile, akiwa amevaa kitenge kipya. Mumewe alisimama ukingoni, mikono kiunoni, akimwita kwa jina, mara moja, mara mbili.

"Keti katikati, ushike ubao muzuri," Mama Priscille alimwambia, na kusukuma mtumbwi majini.