Kikombe Kilichobaki Kimejaa

Vikombe nilivinunua mimi, sokoni Himo, dazani moja ya plastiki, vyote vya bluu. Naanza na hilo kwa sababu nyumbani wakitaka kunitania husema mwalimu alituletea ustaarabu mgombani, nami hucheka nao, lakini moyoni sicheki.

Mwaka ule wa korona, shule zilipofungwa, nilipanda nyumbani kutoka Moshi na barakoa za kitambaa, sabuni, ndoo yenye koki, na mdomo. Mdomo ndio uliowasumbua zaidi. Niliweka ndoo mlangoni, na kila aliyeingia nilimsimamia anawe kama mtoto wa darasa la kwanza. Baba alinawa bila kubisha. Mama alinawa huku akiniuliza kama ng'ombe naye anawe kabla ya kukamuliwa. Ukweli ni kwamba sikuwa na hakika na chochote: redio ilisema hivi, simu ikasema vile, jirani mmoja akasema ugonjwa hauwezi kupanda huku kwenye baridi, mwingine akasema baridi ndiyo unayoipenda. Nilikuwa naogopa, na mtu akiogopa huku ana cheti cha ualimu, huanza kutoa amri.

Wakati huo baba na mdogo wake walikuwa hawajasalimiana kwa miaka minane. Vihamba vyao, yaani mashamba yao ya migomba ya urithi, vimepakana, na mpaka ni mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kwetu huwekwa mipakani. Baba alisema baba mdogo aliyahamisha masale hatua mbili kuja upande wetu. Baba mdogo alisema yapo palepale tangu enzi za babu. Hatua mbili zenyewe hazitoshi migomba mitatu. Lakini walipitana njia ya kanisani kila mtu akitazama upande wake, na siku ya kipaimara cha mdogo wangu baba mdogo hakuonekana.

Sasa, isale, yaani mmea mmoja wa hayo masale, lina kazi nyingine. Ukimkosea mtu na ukataka yaishe, unampelekea jani la isale, na aliyeletewa hawezi kukataa kusamehe. Asubuhi moja mzee wa ukoo alifika kwetu na jani lililofungwa fundo, akasema limetoka kwa baba mdogo.

"Anasema watu wanakufa huko duniani," alimwambia baba, "na yeye hataki kufa na hatua mbili."

Baba alilipokea kwa mikono miwili, akaketi. Kisha akamwambia mama aanze kupika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi.

Mbege ilichukua siku zake, na ilipoiva tukaitana. Kwetu kupatana hufungwa kwa kata moja ya kibuyu. Aliyeomba msamaha hunywa kwanza, watu wote wakimwona, kisha humkabidhi mwenzake kwa mkono wake, naye hunywa pale mwenzake alipoishia. Hapo ndipo nilipoingilia. Nilisema kata moja haiwezekani. Nilisema mate, nikasema mapafu, nikataja umri wa baba.

"Mwalimu," mzee wa ukoo aliniambia kwa upole, "kata ndiyo yenyewe."

"Mzee wangu, nakuheshimu sana, lakini kata hii itatuletea msiba."

Alimtazama baba. Baba akasema, "Amesoma huyu," kwa sauti ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa ya sifa au ya kuchoka.

Nikapanga viti uani, hatua mbili kati ya mtu na mtu. Mama akasema naona hatua mbili zimerudi. Nikagawa vikombe vitano: cha mzee wa ukoo, cha baba, cha baba mdogo, cha mama na cha mama mdogo, mke wa baba mdogo. Nikawaagiza kwamba mtu akishusha barakoa anywe, ageuke pembeni, asimpumulie mwenzake. Wakatii. Mzee alisema maneno yake, baba mdogo akasema, "Nisamehe, kaka," baba akasema, "Yameisha," kisha watu wazima watano wakapeana visogo, mmoja akitazama kahawa, mwingine banda la ng'ombe, wakanywa. Au nilidhani wamekunywa. Baba mdogo alisema, "Aika, mbe," akainamisha kichwa kushukuru kwa sababu mkono nilikuwa nimeukataza, akaondoka na mkewe.

Wote waliviacha vikombe juu ya benchi, kama nilivyowaagiza, nikavikusanya mimi. Vinne vilikuwa vitupu. Kimoja kilikuwa kimejaa hadi juu, hakijaguswa. Shuleni naandika majina kwenye vikombe vya watoto wote, hata wa chekechea. Siku hiyo sikuandika. Niliimwaga ile mbege kwenye shina la mgomba, nikaviosha vyote kwa maji ya moto, na sikumwambia mtu. Lakini moyoni niliamua mara moja kilikuwa cha nani, nikamkasirikia baba mdogo kweli kweli. Mtu gani analeta isale halafu anakataa kunywa?

Baada ya hapo hakuna aliyejua tumefika wapi. Baba mdogo hakuja kututembelea. Labda alikuwa na kinyongo, labda alikuwa anafuata maagizo yangu. Siku moja walikutana na baba kwenye mfereji, baba mdogo akainua mkono kwa mbali, na baba akarudi akituuliza kama mtu mwenye barakoa anaweza kujulikana kuwa ametabasamu. Mama akamwambia angalia macho. Baba akasema macho ya ukoo wetu hayajawahi kusema kitu. Kisha tukatangaziwa kwamba ugonjwa umekwisha, shule zikafunguliwa, nikashuka Moshi. Baadhi yetu walimu tulivaa barakoa, wengine wakatucheka, na kuna siku niliivaa asubuhi nikaivua mchana bila kujua kwa nini nilifanya lolote kati ya hayo mawili.

Mvua za vuli zilikuwa zimepita mama aliponipigia simu. Baba mdogo alikuwa na homa na kifua. Hakuna aliyetaja jina la ugonjwa. Walisema ni changamoto ya kupumua. Siku ya sita akafariki. Tulimzika kihambani kwake, watu wachache, harakaharaka, na hakuna aliyetueleza haraka ilikuwa ya nini ikiwa ugonjwa umekwisha.

Vikombe vyangu vya bluu vilikuwa vimeazimwa msibani, vimejaa kwenye beseni, kando ya ile ndoo yangu yenye koki. Jeneza liliposhushwa, mzee wa ukoo alimwita baba aje atupe udongo, kwa kuwa yeye ndiye kaka mkubwa. Kwetu aliye na ugomvi na marehemu hatupi udongo. Baba aliinama, akachota udongo kwa mkono wa kushoto, kisha badala ya kusogea kaburini akaja kwangu, akanivuta hadi kwenye beseni.

"Mama," alisema, maana hivyo ndivyo anavyoniita mimi bintiye akiwa na jambo zito, "siku ile vikombe ulikusanya wewe. Mdogo wangu alikunywa?"

Nikadanganya.

"Alikunywa, baba. Chake kilikuwa kitupu."

Alifumba macho. Nilidhani nimempa nafuu.

"Kuna kimoja kilibaki kimejaa," alisema. "Ulikiona?"

"Nilikiona."

"Kilikuwa changu."

Alisema alikuwa anasubiri amwone mdogo wake akinywa kwanza, kama ilivyo kwa kata, lakini kila alipogeuka aliona kisogo tu. Miezi yote ile alijiambia kwamba mdogo wake naye hakunywa, kwamba wako sawa. Kumbe uongo wangu ulikuwa kweli tangu mwanzo, na mimi nilikuwa nimemhukumu marehemu kwa kikombe cha baba yangu.

Mzee wa ukoo aliita tena. Baba akaniomba kikombe. Nilimwambia sijui kipi kilikuwa chake.

"Chochote," alisema.

Mbege haikuwepo, hakukuwa na siku za kuipika. Baba alinishikisha kikombe chini ya koki, akafungua maji ya kunawa, kikajaa hadi juu. Akaenda nacho kaburini, akashusha barakoa kwa kidole, na mbele ya watu wote akanywa polepole mpaka tone la mwisho, akimtazama mdogo wake kule chini. Safari hii hakugeuka pembeni.

Kisha akasimama na kikombe kitupu mkono mmoja na udongo mkono mwingine, hajautupa, akamtazama mzee wa ukoo. Mzee wa ukoo akanitazama mimi, kana kwamba mwalimu ndiye angejua kama maji yanahesabika.