Siku niliyomtangaza baba mkwe akiwa golini Mbamba Bay

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Juzi mtu kauliza humu watangazaji wa mpira kwenye TV huwa wanaanzaje. Mimi nilianza hivi, na mke wangu kakaa hapa pembeni kuhakikisha sichakachui.

Miaka ya tisini, TV za watu binafsi ndiyo zinaanza. Moja ya Dar ikatafuta watangazaji wa michezo, unatuma kanda ya video ukitangaza mechi. Mimi mwalimu wa Matiri, huku Mbinga, nilizoea kutangaza mechi za shule. Nikajiona nimefika.

Mwenye kamera niliyemjua ni Ami Saidi, ana duka Mbinga mjini na anarekodi harusi. Akakubali. Mechi ikawa maveterani wa Matiri na wa Mbamba Bay, kulekule ziwani.

Shida ikawa kipa wa Mbamba Bay. Alikuwa baba yake Stella, binti niliyetaka kumuoa, na posa yangu ilikuwa kwake, hajajibu.

Kwetu mkwe humtaji jina hovyo, sembuse kumtangazia kwamba kafungwa kizembe.

Mechi haijachangamka, Matiri wakapiga kishuti cha kitoto. Mzee akainama, mpira ukapita katikati ya miguu. Uwanja wote ukanigeukia mimi na kipaza sauti changu.

Nikasema, "Baba ameona wageni wametoka mbali milimani, akawakirimu."

Goli la pili nikasema ameupisha kwa busara. La tatu nikasingizia jua. Wakuu, siku hiyo kulikuwa na mawingu.

Baada ya mechi nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwalimu, lile la kwanza nilifungwaje?"

"Bahati mbaya tu, baba."

"Umeona kwa macho yako, ukaudanganya uwanja mzima. Kesho ukimkosea binti yangu, nani ataniambia ukweli? Posa yako ichukue."

Stella alikuwa anatazama ziwani, hataki kuniona.

Aliyeniokoa ni Ami. "Mzee, picha ipo. Sauti naweza kuweka nyingine juu yake. Mwache arudie."

Mzee akafikiri. "Arudie mbele yangu. Na jina langu alitaje."

Jumapili iliyofuata akapanda Mbinga na ukoo wake, wakajaa dukani kwa Ami. Mzee akakaa mbele kabisa, kakunja mikono. TV ikawashwa, sauti chini, nikakabidhiwa kipaza sauti. Jasho lilinitoka na baridi ile ya Mbinga.

Nikalitaja jina lake (hapa silirudii). Nikasema, "Mikono iliyovuta nyavu za dagaa wa usipa tangu ujana, leo imeshindwa kuokota mpira unaotembea. Huu ni uzembe, na kipa anajua."

Mama mmoja akafunika uso kwa khanga.

Mzee akaanza kucheka polepole, mabega yanatikisika. "Endelea," akasema. "Bado mawili."

Kanda hiyo ndiyo iliyokwenda Dar. Kazi nikapata, na Stella nikapata.

Mpaka leo nikimlainishia kipa hewani, simu inaita mapumziko hayajafika. Siulizi ni nani. Naanza na shikamoo.

Nilichojifunza: heshima ya uongo hata anayeheshimiwa haitaki.

Nyie wenye wakwe wakali, mlivukaje? Shusheni hapa.

Mke wangu anasema niongeze kwamba lile la tatu, hata dukani, nilisema kulikuwa na kijua kidogo.