Tumbo la Mume Wangu

Mimi nina wivu, na sijawahi kuona sababu ya kulificha hilo. Kwa hiyo mume wangu alipoanza kupita kwenye duka la dawa la kona ya kwetu Magarama, hapa Gitega, kila aliporudi safari, niliona kabla majirani hawajaona, na kwetu majirani huona mapema sana.

Mwenye duka lile ni mwanamke wa rika langu. Koti jeupe limepigwa pasi, kucha fupi, sauti ya chini ya mtu ambaye hajawahi kugombana sokoni. Mimi ni fundi cherehani na nilikuwa nimemshonea nguo mbili. Vipimo vyake nilikuwa navyo kichwani, na kiuno chake kilinikosesha raha. Zile nguo zilimkaa vizuri kupita kiasi. Nilijilaumu kwa hilo pia.

Mume wangu ni mtu wa Butihinda, huko Muyinga karibu na mpaka. Alikulia Tanzania kwenye kambi ya wakimbizi, akarudi na mama yake akiwa kijana, na Kiswahili chake bado ni cha huko, kimenyooka, ndicho kilichonichukua moyo. Alisilimu ili anioe. Halafu akahamia kwetu, nyumba ya mama yangu, kwa sababu kazi yake ni kuleta maharage na karanga kutoka kwao na kuziuza Gitega. Watu wakasema yeye ndiye aliyeolewa. Aliwasikia, akaendelea na magunia yake.

Basi sikilizeni jinsi alivyokuwa. Anaondoka kwenda Butihinda amenuna, anatembea kama aliyebeba gunia tumboni. Anarudi amechangamka, anaimba, anakula sahani nzima. Anakaa kidogo na sisi, furaha inaisha, sahani anaisukuma ikiwa nusu, kitandani ananigeuzia mgongo. Kisha anapita duka la dawa. Kisha anakumbuka kwamba maharage yamekwisha, anakwenda Butihinda tena.

Mwanamke gani asingeona wanawake wawili hapo? Mmoja wa Butihinda, mmoja wa koti jeupe, na mimi katikati nachemsha maziwa. Kila jioni nilimpelekea kikombe cha maziwa ya moto chumbani, nikiwa nimejipaka mafuta na kufunga kitenge vizuri. Aliyanywa yote, akasema asante, akageukia ukuta.

Siku moja nafua koti lake nikakuta kikaratasi cha vidonge vidogo vya njano, nusu vimetumika. Nilifikiri kile ambacho mwanamke yeyote angefikiri: dawa za nguvu za kiume. Na mimi nguvu hizo sikuwa nimeziona. Niliviweka vile vidonge ndani ya kanga, nikaacha koti kwenye povu, nikaenda dukani na mikono ikiwa bado imelowa.

Nilivimwaga juu ya meza yake ya kioo. "We dada, hii ni dawa ya nini?"

Akaviangalia, akaniangalia mimi. "Iko ya bwana yako?"

"Ndiyo mi nakuuliza we."

"Mi siwezi kusema," akasema, kwa ile sauti yake ya chini. "Mtu akinijia na mambo ya mwili wake, hiyo ni siri yake. Muulize mwenyewe. Quand même, hata hivyo, we ungefurahi mi nimwambie yeye mambo yako?"

Siri. Yaani kulikuwa na siri kati ya mume wangu na mwanamke huyu, na alilitamka neno hilo bila hata kuona haya. Nilirudi nyumbani nikaingia chumbani nikatafuta mpaka nikapata kiboksi chenyewe chini ya godoro, na ndani yake karatasi ya maelezo ya Kifaransa. Kifaransa cha kuongea kinanishinda, cha kusoma kinanitosha. Nikasoma polepole nimekaa kitandani. Ilikuwa dawa ya mtu aliyefunga choo.

Najua mnasubiri niseme nilicheka. Sikucheka. Wivu ulizidi. Mume akitembea nje, anampelekea mwanamke mwingine sura yake ya sherehe: shati safi, manukato, maneno matamu. Huyu wangu alikuwa amempelekea yule wa koti jeupe habari za choo chake. Amemwambia anakaa muda gani bila kwenda, kikiwa kigumu kinauma wapi, anajikamua vipi. Mimi ninayefua soksi zake sikuambiwa hata nusu ya neno. Nilitamani kabisa ingekuwa dawa ya nguvu za kiume.

Nikaamua kumngoja aniambie mwenyewe. Nilimrushia maneno. "Tumbo iko sawa?" "Liko sawa." "Hakuna kitu inakusumbua?" "Hakuna, mke wangu." Na kila jioni maziwa.

Aliporudi safari iliyofuata na kukaa siku chache, mambo yakaharibika. Asubuhi nilisikia anaamka mbio, anakwenda uani, maji yanajaa kwenye birika. Kwetu choo kiko mwisho wa uani, na sisi Waislamu haendi mtu huko bila birika lake la maji. Birika linakaa kwenye pipa karibu na mlango wa jikoni. Hapohapo ndipo mama yangu huketi na jiko lake la makaa, anakaanga sambusa za kuuza kuanzia alfajiri. Mume wangu alifika katikati ya uani akasimama. Akashika tumbo, akakunjika, birika likamtoka na maji yakamwagika mpaka kwenye miguu ya wanawake waliokuja kununua.

"Yoo! Mkwe wangu iko anakufa!" mama akapiga kelele.

Nilimshika mabegani, nikamfikisha chooni. Alikuwa na jasho baridi na kizunguzungu, midomo imekauka. Alipotoka chooni nilimsaidia kurudi chumbani, na nikitafuta shati la kumbadilisha ndani ya begi lake la safari nikakuta kiboksi kingine, rangi tofauti, kimepigwa muhuri wa duka la dawa la Muyinga. Nikabeba viboksi vyote viwili, nikamwegemeza begani kwangu, tukaenda duka la dawa. Ndipo palipokuwa karibu, hilo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba nilitaka yule mwanamke auone mkono wa mume wangu ukiwa shingoni mwangu.

Alitoka nyuma ya meza yake haraka. Akasoma kiboksi kimoja, akasoma cha pili. "Hii na hii ni dawa moja. Jina tu ndiyo tofauti. We ulikunywa zote mbili?"

Mume wangu akaitikia kwa kichwa.

"Si nilikuambia moja tu, wakati wa kulala, na siku chache? Ikikataa urudi, tuangalie kwa nini. Kila ukija unasema imekusaidia, unataka ya akiba tu. Na Muyinga uliwaambia nini?"

"Niliwaambia ni mara ya kwanza," akasema mume wangu taratibu. "Kimoja kilikuwa hakitoshi tena. Nikaongeza."

Uso wa yule mwanamke ulishuka, nikajua naye amedanganywa. Alikuwa anafikiri ni yeye peke yake. Nilifurahi sana, Mungu anisamehe, mume wangu ananing'inia begani na mimi nafurahi.

"Na ulizinywa na nini? Na maji?"

"Na maziwa," nikadakia mimi kwa kujigamba. "Kila jioni mi mwenyewe namletea, ya moto."

"Oya, hapana, dada. Hii kidonge haitaki maziwa. Iko na ganda juu, ganda inafaa ifike chini kwenye utumbo ndiyo ifunguke. Maziwa inaifungua mapema, tumbo inakamata."

Furaha yangu ikaishia hapo. Kikombe changu, mafuta yangu, kitenge changu, vyote vilikuwa vinamkata tumbo.

Akamuuliza maswali mengine mbele yangu. Anatapika? Kuna damu? Tumbo limevimba na kuwa gumu, hewa inatoka au haitoki? Mume wangu akatikisa kichwa, akajibu hewa inatoka. "Bahati," akasema yule mwanamke. "Mtu mwenye maumivu makali, anatapika, na hata hewa haitoki, huyo hapewi dawa ya kuendesha hata kidogo. Huyo ni hospitali mbio. Lakini hata we nenda sasa hivi wakupime, hiki kizunguzungu mi sikipendi."

Kituo cha afya walimlaza kwenye kitanda chembamba, wakampa maji ya chumvi na sukari ya paketi anywe kidogo kidogo. Daktari alikuwa mzee mwenye mikono mipole. Alimbonyeza tumbo, akasema hakuna kilichoziba, maji ndiyo yamemwishia mwilini. Vidonge vyote viachwe. Akishapata nguvu atampa dawa ya maji, laini, ya kupima kwa kikombe chake. Inachelewa siku mbili au tatu, na kuchelewa huko si sababu ya kuongeza. Anywe maji mengi, ale papai, ale maharage yake badala ya kuwauzia watu tu. "Na choo ikikuita, unaenda. Usiizuie. Wewe kwani huwa unazuia?"

Mume wangu aligeuza kichwa. Alinitazama, halafu akamtazama daktari.

"Mama, toka nje kidogo," daktari akaniambia.

Tena. Mtu wa pili anapewa siri na mimi naonyeshwa mlango. Nilijishikilia kwenye chuma cha kitanda. "Mi sitoki. Mi ni mke wake. Hii tumbo inakula chakula yangu kila siku, na mi tu ndiyo siijui."

Daktari akamgeukia mgonjwa wake. Kisha mume wangu akasema, "Mwache akae."

Akaeleza akiangalia dari. Kwao Butihinda mtu hutoka tu, anapotelea kwenye migomba, choo kiko huko nyuma, hakuna anayejua ameenda wapi. Kwetu lazima apite mbele ya mama mkwe na birika mkononi. Hata kambini, pamoja na vyoo vya foleni, hakuwa anapishana na mkwe. Alijikaza. Lakini tulipokuwa na miezi michache ya ndoa tumbo lilimwendesha, akapita na birika mara mbili asubuhi moja. Mama yangu, kwa huruma zake, akatangaza mbele ya wateja wa sambusa: "Mkwe wangu leo iko na tumbo, bambe, maskini! Mumwombee." Wanawake wote wakageuka kumtazama, na birika lake.

"Tangu siku ile nikibanwa, najizuia mpaka hali ipoe," akasema. "Kisha haiji tena. Nikifika kwa mama Butihinda, siku hiyohiyo mambo yanajiendea yenyewe."

Kumbe mwanamke wangu wa Butihinda alikuwa choo cha shimo nyuma ya migomba. Nilikionea wivu vilevile. Huko mwili wake ulikuwa nyumbani, kwangu ulikuwa mgeni.

Siku ya pili nilimwambia mama ahamishie jiko mbele ya nyumba, upande wa barabara.

"Kwa nini?"

"Moshi inaingia ndani ya vitambaa vya wateja wangu."

Mama akaweka kijiko cha kukaangia chini. "Miaka yote hiyo naikaangia hapa, na moshi ndiyo imeanza jana?" Alinitazama muda mrefu, na sikushusha macho. "Haya. Sasa mwanaume ndiyo anapanga mi nikae wapi ndani ya nyumba yangu." Alihama na jiko, na sufuria, na kinyongo. Aliacha kunisemesha kwa muda, na nilimwelewa kabisa, kwa sababu mtu mwenye wivu namjua hata akiwa amenipa mgongo. Birika nililihamishia chumbani kwetu.

Dawa ya maji ilichukua muda wake kama daktari alivyosema. Nilimpimia mwenyewe, kikombe kimoja, na bilauri ya maji juu yake, na alipoomba niongeze kidogo nilikataa. Halafu asubuhi moja nikiwa kwenye cherehani nilimsikia anachukua birika. Nikaondoa mguu kwenye pedali. Akavuka uani, uani hakukuwa na mtu. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alisimama mlangoni kwangu, maji yanamdondoka mikononi, akasema neno moja.

"Nimepata."

Sijawahi kuambiwa neno tamu kama hilo, hata siku ya nikaha.

Halafu akaharibu. "Ngoja nipite nimwambie yule dada wa dawa. Alisema nimjulishe."

"Kaa hapohapo," nikamwambia. "Nitamjulisha mimi."

Nilivaa kitenge changu cha Idi, nikajifunga kilemba, nikapita mbele ya mama na sambusa zake bila kugeuka. Dukani kulikuwa na watu, nikangoja waishe. Nikamwambia yule mwanamke, kichwa juu, kwamba mume wangu amepata choo.

"Alhamdulillah," akasema, na alifurahi kweli, hilo siwezi kumnyima. "Na kilikuwa namna gani? Kigumu, laini? Hakikumuumiza?"

Sikuwa najua. Sikuwa nimeuliza.

"Hiyo ni siri ya nyumbani kwetu, dada," nikamjibu, nikatoka, na nilipokata kona nilipandisha kitenge na kukimbia kwenda kumuuliza.