Gitaa la Mninga Lililopakwa Samli

Gitaa la kwanza la mume wangu lililiwa na mchwa. Lilikuwa la umeme, jekundu, la miaka ile ambayo bendi ya dansi ikitua Kahama hata walokole walipata dharura ya kupita karibu na ukumbi. Alipoacha muziki alilitundika stoo, juu ya magunia ya mpunga, akasema siku moja atalishusha. Siku alipolishusha, alibaki na ganda la rangi mkononi. Ndani mchwa walikuwa wamekula hadi sauti.

Alilishusha kwa sababu kitindamimba wetu alikuwa amepata mchumba. Binti huyu anakaribia arobaini, na sisi tulikuwa tumeshaacha kumuuliza. Kumbe Geita yuko mgane mmoja mwenye duka la vipuri, mpole, na meno yake yote anayo. Ukumbi ulikuwa umeshapatikana Kalangalala, hukohuko Geita, binti akaja nyumbani kwetu Nyasubi na ombi moja kwa baba yake.

"Baba, nikiingia ukumbini nataka unipigie wewe. Sitaki muziki wa kwenye kompyuta."

"Nitapiga."

"Tutakuwekea kiti kizuri, baba."

Hapo binti akaharibu. Baba yake akang'aka: "Kiti? Mimi nimekuja kusubiri dawa? Mpiga solo hakai. Nitapiga nimesimama, au nisipige kabisa."

Binti akaniangalia. Bega la kushoto la baba yake liliteguka alipoanguka na baiskeli, akichungulia mambo yasiyomhusu, na tangu hapo hata koti namvalisha mimi. Binti akanifuata jikoni.

"Mama, kaka zangu wote walimsikia baba akipiga. Mimi nilizaliwa ameshaacha. Nimesikia habari tu."

Nikamwambia baba yake atapiga. Sikumwambia atapigaje, maana nilikuwa sijui.

Tukaenda kwa seremala. Banda lake liko njia ya sokoni, vitanda upande wa kulia, majeneza upande wa kushoto, na mteja mwenye umri wetu akiingia fundi anasubiri kwanza aone atageukia wapi. Tulipogeukia kulia alifurahi, alipoambiwa gitaa akakaa chini. Mzee akamwekea lile ganda mezani.

"Umbo liwe hilihili. Pembe mbili, kiuno, makalio. La kizamani. Mambo ya sasa sitaki."

Fundi akatoa mbao. Kwanza msonobari, mweupe, mwepesi. Niliunyanyua kwa mkono mmoja nikaona mambo yamekwisha.

"Huu hapa," nikasema. "Bega lako litalala usingizi."

"Hii si mbao ya kenchi?" mzee akauliza.

"Ya kenchi, babu," fundi akajibu, "lakini ikipigwa randa—"

"Nipige solo na paa la nyumba?"

Fundi akaleta mgrivea. Mzee akaugonga kwa kidole, akatega sikio, akasema unalia kama mlango wa choo. Kisha akauona mninga. Ulikuwa umeegemezwa kushoto, kwenye upande ule tuliokuwa tukiukwepa, mwekundu wa hudhurungi, mishipa yake inapita kama maji ya mvua kwenye mchanga. Akaugonga. Ukaitika. Nakiri uliitika vizuri.

"Huu ndio," akasema.

Nikajaribu kuunyanyua, kiuno kikanikumbusha umri wake. "Huu utaubeba na nani?"

"Mama watoto, mimi ndiye nitakayeuvaa."

Wanaume wakishachagua kitu kizito husema hivyo. Fundi akaanza kupima.

Vifaa navyo vikaleta maneno. Mchwa hawali chuma, kwa hiyo sumaku zile zinazonasa sauti ya nyuzi zilikuwa zimebaki; fundi redio akazijaribu, moja ikazungumza, nyingine akaisuka upya. Masikio ya kukazia nyuzi yalikuwa na kutu. Kijana wetu mkubwa, anayehangaika na mawe ya dhahabu huko Bugarama, akaagiza mapya kutoka Dar, ya njano yanayometameta. Baba yake akakwaruza moja kwa ukucha, njano ikatoka.

"Mchimbaji mzima ananiletea dhahabu ya kuchubuka!" Akayarudisha. Yale ya zamani akayachemsha kwenye ndimu na majivu, ndani ya sufuria yangu ya mboga, yakatoka meupe ya kizee, kama alivyotaka. Halafu akang'oa vile vidude viwili vya kuzungushia sauti kwenye redio yetu ya mbao, vyenye rangi ya maziwa, akasema ndivyo gitaa la zamani lilivyokuwa. Tangu siku hiyo nikitaka taarifa ya habari naifungulia kwa plaizi.

Rangi ndiyo iliyotuumbua. Binti alitaka nyekundu ifanane na maua yake. Mzee alitaka njano katikati, kisha ikolee kidogo kidogo mpaka pembeni iwe nyeusi. Fundi rangi, aliyehamia huku kutoka pwani, akamuuliza inakolea kwa namna gani.

"Kama yule ng'ombe wa nne katika mahari ya huyu mama," mzee akamjibu, akininyooshea kidole.

Jina la ng'ombe yule ninalo mpaka leo, na majina ya wenzake wote, na ya watu wote waliomo humu. Siyaandiki, kwa kuwa ng'ombe wamekufa lakini watu wana simu.

Fundi rangi hajawahi kuishi na ng'ombe. Ikabidi mzee ampeleke mnadani akamwonyeshe. Wakazunguka mpaka wakampata dume mwenye rangi ileile, fundi akainama kumpiga picha mbavu, karibu, zaidi ya mara moja. Mwenye ng'ombe akajua amepata wanunuzi wasomi. Alipoambiwa wanatafuta rangi ya gitaa, akawafukuza kwa fimbo, na alikuwa na haki.

Kilichofuata, mtu wa pwani asingekifanya. Kwetu mti wa ndani haulali mkavu. Kigoda, ngoma, kibuyu cha maziwa, vyote hupakwa samli ili visipasuke kiangazi. Gitaa likiwa uchi nyumbani, likingoja zamu yake ya rangi, mzee akalionea huruma. Kila asubuhi, mimi nikiwa sokoni, alilikalisha mapajani akalisugua samli, tumbo, mgongo na shingo, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Mti ukanywa ukashiba.

Siku ya rangi tulikwenda wote. Fundi akapuliza njano. Njano ikajikusanya matone-matone, ikakimbiana. Akafuta, akapuliza tena. Ikajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Akasogeza pua.

"Babu, hapa umepaka nini?"

"Samli. Safi kabisa, haina chumvi."

"Babu! Hapa haishiki hata lami!"

"Wewe kazi yako ni kushikisha," mzee akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Harusi ilikuwa Jumamosi ile, na fundi alisema kuutoa mti ule mafuta ni kazi ya mwezi. Wakafuta ile njano iliyobaki. Chini yake mninga ukatokea, umekolea, unang'aa wenyewe. Mimi ndiye niliyesema twende tukafunge nyuzi.

Kule Kalangalala, mzee alipanda jukwaani na wazee wenzake wawili, wa besi na wa ngoma. Taa zikalipasha gitaa joto, ukumbi ukaanza kunukia. Upande wa bwana harusi nikamsikia mama mmoja akiuliza kama pilau imeanza kutolewa. Kisha mlango ukafunguliwa, binti yetu akasimama pale na mume wake, na baba yake akapiga.

Vidole vikateleza. Shingo nayo ilikuwa na samli, kila sauti ikavutwa ikaifuata nyingine bila kukatika, na watu wakadhani ndiyo ufundi wenyewe. Wakapiga vigelegele. Binti akaja taratibu, hatua za maharusi, macho kwa baba yake, poda yote imeharibika.

Alipofika katikati ya ukumbi nikaona kichwa cha gitaa kinashuka. Bega lilikuwa linaondoka. Kiti kilikuwa nyuma yake, watoto wa kamati walikuwa wamekiweka kwa akili zao, naye alikuwa hakitazami kwa nguvu zote.

Nikatoa noti kifuani, nikapanda jukwaani nikicheza kama mtu anayekwenda kutunza. Nikambandika ile noti kwenye paji la uso. Mkono wa pili nikaupitisha chini ya lile tumbo la mninga, nikalinyanyua.

"Hapohapo," akasema, midomo haijatikisika.

"Ni zito?"

"Cheza, watu wanatuangalia."

Nikacheza palepale mpaka binti alipofika mbele yetu. Hakwenda kukaa. Alisimama akamsikiliza baba yake mpaka nyuzi zikanyamaza.

Kitenge changu bado kina doa la samli. Kesho yake mzee aliamka anajisifu: "Umeona? Nimesimama mwanzo mpaka mwisho." Nikamwambia nimeona. Mkono wangu ulikuwa haunyanyuki, kwa hiyo nikamkabidhi mwiko, na wiki ile ugali alisonga yeye, amesimama.