Ramani ya Biasha na Hitima ya Jirani

Biasha wa Gazi huchora ramani za mikoko, wala hajawahi kuiona kompyuta inayozichora. Iko Nairobi, ofisini kwa waajiri wake. Kijikompyuta chake cha zamani huletewa sura ya programu tu: yeye hubofya hapa, kazi hufanyika kule, kisha picha humrudia kwa mtandao. Mtandao ukizidiwa, amri yake huenda Nairobi kama mtoto aliyetumwa chumvi akapitia kila baraza.

Nao huzidiwa kila siku, maana ni wa mtaa mzima. Biasha ndiye anayeulipia, lakini nenosiri analijua hata mpita njia. Kwetu humkatazi jirani kuchota maji kisimani mwako, naye aliuona mtandao vivyo hivyo. Mimi, jirani na rafiki yake, nilimwambia abadilishe nenosiri. Akanijibu, "Dada, nitawatazamaje usoni?" Basi nikaendelea kuutumia.

Kisha akafariki Mzee Chirau, jirani wa ukuta kwa ukuta. Biasha alishinda matangani akiteka maji na kusugua masufuria, na ramani ikalala. Siku ya hitima alirudi mezani amechoka hata kuketi kwamuuma. Mbuvi, msimamizi wake wa Nairobi, akapiga simu.

"Biasha, pole na msiba. Lakini saa nane ikipita bila ramani, hiyo kazi nampatia mtu mwingine. Si mimi, ni wakubwa."

Kazi hiyo ndiyo inayomlisha yeye na mamake mgonjwa.

Baada ya adhuhuri picha ikaganda. Alibofya afute mstari mmoja wa mpaka; kimya. Akabofya tena, na tena. Picha iliporudi, amri zote zilikuwa zimefika kwa pamoja, na mipaka ya upande mzima wa msitu imefutika. Akatoka kwa hasira ambayo sijapata kumwona nayo, akaelekea kwa marehemu. Nilimfuata mbio. Leo atasema, nikajiambia, na Mungu ampe ulimi.

Uani hitima ilikuwa ikisomwa. Mbarak, mwana wa marehemu, alikuwa ameinua simu juu ya vichwa vya watu. Kiooni alikuwamo dadake Hanifa, mfanyakazi wa nyumbani huko Maskati, aliyenyimwa ruhusa ya kuja kumzika babake. Midomo yake ilifuata aya, ikakwama wazi, ikafuata tena.

"Hanifa! Watusikia?" aliita Mbarak. Alipomwona Biasha mlangoni akasogea. "Shikamoo, dada. Mtandao leo watusumbua, kuna nini?"

Biasha alikitazama kile kioo.

"Marahaba. Ngoja nikatazame."

Alirudi ndani, akazima kompyuta yake, akajitupa kitandani na buibui lake, uso ukutani. Nilitaka nimtikise. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na huyu amechelea mtaa! Lakini kupitia ukuta nikamsikia Hanifa akiitikia "amin", wazi kabisa.

Kesho yake ujumbe wa Mbuvi uliingia: kazi imepewa mwingine. Biasha alikuwa bado ameishika simu Mbarak alipobisha hodi na sahani ya mkate wa sinia.

"Dada, mama asema ahsante sana. Hanifa aliona yote hadi dua ya mwisho. Ulipokwisha kutazama, mtandao haukukwama tena hata kidogo."

"Alhamdulillahi," akasema Biasha, akaipokea sahani kwa mikono miwili.